SULHU ILIYOKWAMA HARADH

Darasa yetu ya leo ni juu ya sulhu: si sulhu iliyotimia, bali ile iliyoandikwa, ikatiwa sahihi, ikashangiliwa katika redio za nchi mbili, kisha ikalala. Tumechagua vita vya Yemen ya Kaskazini, vilivyoanza Septemba 1962 na kwisha mwaka 1970, kwa kuwa katika miaka hiyo minane walipita hapo wasuluhishi wa kila namna: Umoja wa Mataifa, Marekani, wafalme na marais wa Kiarabu, na mwisho Wayemeni wenyewe. Atakaye kujua kwa nini mazungumzo ya amani hukwama, hapa atapata mifano yote imekusanyika mahali pamoja.

Na tuseme mapema, ili mambo yasichanganyike. Jamaa zetu wengi wa pwani wenye asili ya Hadhramaut asili yao ni upande wa Kusini, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Waingereza mpaka Novemba 1967. Vita tunavyovieleza havikuwa vyao, ijapokuwa moshi wake uliwafikia. Hali kadhalika wazee wetu waliokuwa wakisikiliza Redio Cairo, iliyokuwa na matangazo ya Kiswahili tangu miaka ya 1950, walisikia habari za vita hivi kwa ulimi wa upande mmoja. Hatuwalaumu.

Imam Ahmad bin Yahya alikufa Septemba 1962, akarithiwa na mwanawe Muhammad al-Badr. Ufalme wa kijana huyu haukumaliza hata siku kumi. Usiku wa tarehe 26 mwezi huohuo maofisa wa jeshi waliizingira nyumba yake mjini Sanaa, wakaipiga kwa vifaru, na asubuhi wakatangaza Jamhuri chini ya Abdullah al-Sallal. Walitangaza pia kwamba Imam amekufa chini ya kifusi. Hakufa. Alitoka akakimbilia milima ya kaskazini, makabila yakamkusanyikia, na habari ya uhai wake ilipothibiti Novemba, ami yake Hassan, aliyekuwa amekwisha kutangazwa Imam badala yake, alimrudishia mpwawe cheo.

Laiti mambo yangalibaki hapo, pengine yangalikuwa ni yale ambayo Yemen imeyaona mara nyingi katika karne zake: ukoo kushindana na ukoo, kabila na kabila, kisha masheikh wakaketi, wakala kiapo, yakesha. Lakini walio nje hawakungoja. Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alipeleka majeshi kuisaidia Jamhuri katika wiki za mwanzo tu. Na Saudia, iliyoona kwamba moto huo uko mlangoni mwake, ikampa Imam dhahabu na bunduki. Jordan ilikuwa upande wa Imam mpaka ilipoitambua Jamhuri mwaka 1964. Waingereza, waliokuwa na khofu ya Aden, hawakuitambua Jamhuri. Na askari wa kukodi wa Kiingereza na Kifaransa walionekana katika mapango ya Imam. Warusi walimpa Nasser silaha. Majeshi ya Misri yaliongezeka mwaka hadi mwaka, hata kufikia 1965 makadirio mengi yanayaweka baina ya watu 50,000 na 70,000. Kwa hiyo, mtu akiuliza: vita hivi vilikuwa vya nani? jawabu si jepesi. Na ugumu wa jawabu hilo ndio ulioharibu kila sulhu iliyokuja.

Akisema msomaji: je, haikuwa vita ya madhehebu, Zaidi na Shafii? tutamwambia asikimbilie hapo. Ni kweli kwamba maimamu walikuwa Zaidi, na kwamba watu wa Tihama na Taizz, ambao wengi wao ni Shafii kama sisi, walielekea Jamhuri. Lakini Kadhi Abdul Rahman al-Iryani, ambaye tutakutana naye mbele, alikuwa wa nyumba ya elimu ya Kizaidi naye ni nguzo ya Jamhuri. Na Sheikh Abdullah bin Husayn al-Ahmar, mkubwa wa Hashid, kabila la Kizaidi, alipigana upande wa Jamhuri kwa kuwa Imam Ahmad alimuulia baba yake na ndugu yake. Watu walichagua upande kwa kisasi, kwa riziki, kwa mawazo mapya waliyoyapata Cairo na Aden, na mara nyingi kwa bei. Makabila yaliyopokea mali ya pande zote mbili hayakuwa machache.

Sasa na tuwatazame wasuluhishi.

Wa kwanza walikuwa wageni kabisa. Marekani iliitambua Jamhuri tarehe 19 Desemba 1962, kisha Rais Kennedy akampeleka Ellsworth Bunker baina ya Riyadh na Cairo. Na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, U Thant, akampeleka Ralph Bunche. Aprili 1963 yakapatikana mapatano: Saudia iache kuwasaidia watu wa Imam, Misri iondoe majeshi yake kidogo kidogo, na mpakani pawe na eneo lisilo silaha, kilomita 20 kila upande, likaguliwe na watu wasio wa upande wowote. Baraza la Usalama likapitisha azimio tarehe 11 Juni 1963, na waangalizi wakaanza kazi Julai.

Walikuwa wangapi? Hata walipokuwa wengi mno hawakufika 200: maofisa wachache wa kuangalia, kikosi cha Wayugoslavia chenye magari ya doria, na marubani wa Kikanada. Hao ndio waliotakiwa kuulinda mpaka wa milima na jangwa ambao wenyeji wake huupita usiku kwa ngamia bila ya kuwasha taa. Gharama zao zililipwa na Misri na Saudia wenyewe, na muda wao ukaongezwa miezi miwili miwili, kama mpangaji asiyeaminika. Mkubwa wao wa mwanzo, Jenerali Carl von Horn wa Sweden, alijiuzulu Agosti 1963, mwezi wa pili wa kazi. Wakamfuatia wengine, na tarehe 4 Septemba 1964 kazi ikafungwa. Misri ilikuwa ikitoa askari kwa mlango mmoja na kuingiza wengine kwa mlango mwingine; na misafara ya silaha ya upande wa pili haikukoma.

Lakini uchache wa watu si aibu kubwa ya mpango ule. Aibu yake kubwa ni kwamba Imam na watu wake hawakuwamo katika mapatano. Umoja wa Mataifa ulikwisha kumpa mjumbe wa Jamhuri kiti cha Yemen Desemba 1962, kwa hiyo kwa mujibu wa desturi zake watu wa Imam hawakuwa serikali, na asiye serikali hatiwi katika mkataba. Ikawa wanasuluhishwa watatu, na anayepigana mlimani hakuulizwa. Wanachuoni wa fiqhi wameuwekea sulhu mlango wake mahsusi, na jambo la kwanza wanalolisema ni kwamba sulhu ni akdi, na akdi haiwi illa kwa ridhaa ya wenyewe au mawakili wao. Nani aliyempa Saudia uwakili wa Imam? Hapana. Saudia iliweza kumkatia dhahabu, haikuweza kumlazimisha kuweka silaha chini. Hatusemi kwamba vita vya dola ni kama kesi ya shamba la minazi. Bali twasema kwamba hata kesi ya shamba la minazi haimaliziki kwa jirani wawili kupatana huku wenye shamba wako nje.

Katika mwaka 1964 Waarabu wakasema: jambo hili ni letu, tulimalize wenyewe. Januari wafalme na marais walikutana Cairo, nyoyo zikalainika kidogo. Algeria na Iraq zikafanya kazi ya kuwapatanisha Cairo na Riyadh. Septemba walikutana tena Iskandaria, na Nasser na Faisal, aliyekuwa bado mrithi wa ufalme, wakakubaliana kuwakutanisha Wayemeni. Mkutano ukawa Erkwit, katika milima ya Sudan ya mashariki, kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mapema Novemba 1964. Upande wa Jamhuri uliongozwa na Muhammad Mahmud al-Zubayri, mshairi na mpinzani mkongwe wa maimamu. Upande wa Imam uliongozwa na Ahmad Muhammad al-Shami, naye ni mshairi. Hapa palikuwa na jambo jipya: Wayemeni kwa Wayemeni, uso kwa uso. Walikubaliana kusimamisha mapigano kuanzia tarehe 8 Novemba, na kuitisha mkutano wa taifa mwezi huohuo. Mapigano yalisimama siku chache tu. Mkutano wa taifa haukukutana, kwani pande mbili zilishindana juu ya nani aje na aje kwa idadi gani. Na ndege zikarudi angani.

Msomaji na amkumbuke al-Zubayri. Alipoona Erkwit imeharibika alitoka serikalini, akaenda kwa makabila ya kaskazini kuhubiri amani isiyokuwa na Imam wala majeshi ya kigeni. Aliuawa huko kwa risasi mapema Aprili 1965. Mwenzake wa tangu zama za Aden, Ahmad Muhammad Numan, aliyefanywa waziri mkuu mwezi huohuo, aliitisha mkutano Khamir mwezi wa Mei, ndani ya nchi, bila msimamizi wa nje, akawaita makabila ya pande zote. Wa upande wa Imam hawakuja, lakini mkutano wenyewe ulikuwa na uzito, kwani ulitamka kwamba Wayemeni waweza kusema na wenzao bila mkalimani. Numan hakukaa madarakani hata miezi mitatu. Al-Sallal na waliokuwa nyuma yake hawakuipenda njia ile. Kwa rai yetu, Khamir ndiyo nafasi iliyopotea kuliko zote. Na vitabu vya kigeni huipita kwa mistari miwili, pengine kwa kuwa hapakuwa na mgeni wa kupigwa picha.

Sasa twaja Jidda. Katikati ya mwaka 1965 watu wa Imam walikuwa wameteka Harib na Marib upande wa mashariki, na Misri ilikuwa imechoka: fedha zinakwenda, askari hawarudi, na ngano ya Marekani inategemea ridhaa ya Marekani. Agosti Nasser alipanda meli akaenda mwenyewe kwa Faisal, ambaye sasa ni Mfalme, na tarehe 24 wakatia sahihi mkataba. Mambo yake makubwa ni haya. Saudia itakata msaada mara moja. Majeshi ya Misri yataanza kuondoka tarehe 23 Novemba 1965 na kumaliza katika miezi kumi. Siku hiyohiyo watakutana Wayemeni 50 katika mji wa Haradh, wakubaliane juu ya namna ya utawala wa mpito, na wizara ya muda, na namna ya kura ya maoni. Na kura hiyo, ambayo kwayo wananchi watachagua utawala wautakao, ipigwe kabla ya kupita tarehe 23 Novemba 1966.

Mkataba huu ni mzuri ukiusoma. Una tarehe, una muda, una jambo la kufanywa na kila mtu. Waarabu walishangilia, na haki yao. Lakini usome mara ya pili. Waliotia sahihi ni wawili, na wote wawili si Wayemeni. Serikali ya Sanaa haikuwapo mezani, Imam hakuwapo. Tena umesema wakutane waamue namna ya utawala wa mpito, na haukusema kama katika mpito huo Jamhuri ipo au haipo. Huenda uliachwa hivyo kwa makusudi, kwani lau ungalisema ipo Faisal asingalitia sahihi, na lau ungalisema haipo Nasser asingalitia. Wanasiasa huliita jambo hili busara. Na mara nyingine huwa busara kweli, pale ambapo muda utakaopita utawapoza watu. Hapa muda ulikuwa miezi mitatu, na lile neno lililoachwa wazi ndilo hasa lililopiganiwa tangu usiku wa kwanza.

Haradh ni mji mdogo wa Tihama, karibu na mpaka wa Saudia. Tarehe 23 Novemba wakafika wajumbe 25 wa Jamhuri wakiongozwa na Kadhi al-Iryani, na 25 wa Imam wakiongozwa na al-Shami, na juu yao kamati ya amani ya Wamisri na Wasaudia. Watu hawa hawakuwa wageni baina yao. Wamesoma vitabu vimoja, wamefungwa jela moja zama za Imam Ahmad na kabla yake, wameoa katika nyumba zinazojuana. Al-Iryani na al-Shami walikuwa wote katika waliofungwa Hajja baada ya mapinduzi yaliyoshindwa ya mwaka 1948. Twataja hayo ili isidhaniwe kwamba walishindwa kwa kutofahamiana. Walifahamiana sana.

Ubishi ulikuwa juu ya jina. Wa Imam walisema: nchi ya mpito isiitwe Jamhuri wala Ufalme, iitwe Dola ya Yemen, au Dola ya Kiislamu ya Yemen, mpaka wananchi wapige kura. Fikra hii ilikuwa imekwisha kutolewa Taif mwezi wa Agosti na watu wa Imam pamoja na baadhi ya waliojitenga na Sanaa. Wa Jamhuri wakajibu: Jamhuri ipo, inatambuliwa na mataifa, ina kiti katika Umoja wa Mataifa, wizara ya mpito itakuwa wizara ya Jamhuri, na kura itaulizwa chini yake. Basi.

Yuko atakayecheka kwamba watu wanakufa huku wazee wanabishania jina. Asicheke upesi. Jina ndilo linalosema nani anamkaribisha nani. Ikiwa ni Jamhuri, basi watu wa Imam wanarudi kama waasi waliosamehewa, na kura itapigwa na serikali waliyoipigania vita. Ikiwa si Jamhuri, basi maofisa wa tarehe 26 Septemba wamekiri kwamba walichokifanya kilikuwa hewa, na watakabidhi kitambulisho chao kabla ya kujua watapewa nini, na hayo huku majeshi ya Misri, ambayo ndiyo ngao yao, yanafunga mizigo. Kila upande ulitakiwa kutoa kwanza kile ambacho ukikitoa huwezi kukirejesha. Aliyebuni mpango hakuweka kitu cha kushika katikati: hakuna jeshi la tatu la kuaminiwa na wote, hakuna aliyedhamini kwamba kura itapigwa kweli, hakuna la kufanywa ikiwa tarehe zitapita.

Na mlinzi wa kila upande alikuwa pale pale, nyuma ya kiti. Wamisri na Wasaudia waliufasiri mkataba uleule kwa tafsiri mbili, kila mmoja ile inayomfaa mtu wake. Hapa ndipo penye ila ya msuluhishi ambaye ni mpiganaji. Hatusemi hafai kabisa, kwa kuwa yeye peke yake ndiye awezaye kukata silaha. Bila Nasser na Faisal hapangekuwa na Haradh. Lakini mjumbe anayejua kwamba mlinzi wake yuko nyuma hana haja ya kulegeza. Akilegeza ataulizwa na mlinzi, na asipolegeza atapewa silaha. Ndipo walipobishana mwezi mzima, na ulipofika mwandamo wa Ramadhani ya mwaka 1385, tarehe 24 Desemba 1965, wakaahirisha ili kila mtu akafunge kwao, kwa ahadi ya kurudi Februari. Hawakurudi.

Kilichowazuia kurudi kilitoka London. Februari 1966 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itaondoka Aden kabla ya kumalizika 1968. Nasser aliyekuwa akitafuta mlango wa kutoka sasa akaona mlango wa kuingilia: akisubiri miaka miwili, Mwingereza ataondoka na yeye atakuwa jirani. Akatangaza siasa aliyoiita ya pumzi ndefu, akayakusanya majeshi yake katika pembetatu ya Sanaa, Hudaida na Taizz, akakaa. Kuwait ilijaribu kuwapatanisha mwaka huo, haikufua dafu. Mawaziri na wakubwa wa Jamhuri waliokwenda Cairo Septemba 1966 kulalamika juu ya al-Sallal walizuiliwa hukohuko. Mwaka 1967 Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ulitoa taarifa juu ya gesi ya sumu iliyoua watu katika vijiji vya upande wa Imam. Hayo yote ni matunda ya mwaka uliokuwa uwe mwaka wa kura.

Vita vya Juni 1967 baina ya Waarabu na Israel ndivyo vilivyofanya kazi ambayo wasuluhishi hawakuiweza. Misri iliyoshindwa Sinai haikuwa na uwezo wa kukaa Yemen. Katika mkutano wa Khartoum, mwisho wa Agosti, Nasser na Faisal wakapatana nyumbani kwa waziri mkuu wa Sudan, Muhammad Ahmad Mahgoub: Misri iondoke, Saudia ikate msaada, na kamati ya nchi tatu isimamie. Sudan iliteuliwa na wote, Iraq na Misri, Morocco na Saudia. Kwa mara nyingine Wayemeni hawakuulizwa, na kamati ilipofika Sanaa tarehe 3 Oktoba watu waliingia barabarani kuipinga, na damu ikamwagika. Lakini safari hii wageni waliondoka kweli. Al-Sallal alipinduliwa tarehe 5 Novemba naye yuko safarini, na mahali pake akashika Kadhi al-Iryani.

Watu wa Imam wakadhani sasa Sanaa ni yao. Waliuzingira mji siku 70, tangu mwisho wa Novemba 1967 mpaka mapema Februari 1968, na mji haukuanguka. Kuzingirwa huko ndiko kulikojibu swali la Haradh. Kabla yake mtu aliweza kusema kwamba Jamhuri ni jina la majeshi ya Misri tu. Baada yake hakuweza. Na Jamhuri nayo ilijifunza kwamba milima haiwezi kuishinda. Kila mmoja akajua mpaka wa nguvu zake, na mlinzi hayuko karibu.

Machi 1970 mawaziri wa nchi za Kiislamu walikutana Jidda. Waziri mkuu wa Yemen, Muhsin al-Ayni, alikwenda, na pembeni ya mkutano akapatana na Wasaudia. Jina Jamhuri likabaki. Watu wa upande wa Imam warudi na wapewe viti katika baraza la utawala, wizara na ubalozi. Ukoo wa Hamid al-Din, ukoo wa Imam, usirudi. Saudia ikaitambua Jamhuri Julai. Mwezi wa Mei al-Shami alikuwa ameshuka Sanaa pamoja na wenzake, akaketi katika Baraza la Jamhuri, ambalo mwenyekiti wake alikuwa al-Iryani. Ni wawili walewale wa Haradh. Waliyokubaliana mwaka 1970 hayakuwa mbali sana na yale ambayo yangaliweza kupatikana 1965. Ila katikati ya tarehe hizo mbili walikufa watu ambao hesabu yao kila mwandishi anaiweka kwa makisio yake. Kura ya maoni iliyoahidiwa Jidda haikupigwa kabisa. Imam al-Badr alihamia Uingereza, akafa huko mwaka 1996.

Pengine msomaji kijana atauliza kwa nini tumfundishe habari za babu zake. Na atazame yaliyopita Kuwait mwaka 2016, katika vita vingine vya Yemen, vilivyoanza baada ya Wahuthi kuitwaa Sanaa Septemba 2014, na vikapanuka Machi 2015 Saudia na washirika wake walipoingia kwa ndege. Msuluhishi wa Umoja wa Mataifa, Ismail Ould Cheikh Ahmed, aliwaweka pamoja Wayemeni tangu Aprili mpaka Agosti. Serikali ya Rais Hadi ilisema: azimio la Baraza la Usalama namba 2216 lasema mtoke mijini na mtoe silaha, basi anzeni na hilo, kisha tuzungumze utawala. Wahuthi na wenzao wakasema: tuunde kwanza serikali ya pamoja, ndiyo tutakayoikabidhi silaha. Nani atoe kwanza kisichorudi. Zaidi ya miezi mitatu ikapita juu ya neno hilo, wakatawanyika.

Ama mji wa Haradh wenyewe, katika vita hivyo ulikuwa tena mpaka wa moto. Tarehe 30 Machi 2015, siku chache tu baada ya ndege kuanza, kambi ya wakimbizi ya al-Mazraq katika wilaya hiyo ilipigwa kwa mabomu, wakafa watu waliokuwa wamekwisha kukimbia vita vya kabla yake; na baadaye wenyeji wa mji wakauhama.